Fundi wa Ngozi

Mwaka mzima niliitangazia Kwamndolwa yote kwamba mjukuu wangu anavalisha makochi Dar es Salaam. Sikutangaza kwa ubaya. Ninajivuna naye na sijawahi kuficha, mwenye kuudhika na audhike. Nimemlea mimi tangu hajaota meno. Nikamvusha darasa la nne, ambalo mimi niliishia hapo hapo, akaenda sekondari, akaenda chuo cha uuguzi, na siku alipopata kazi alinipigia simu mimi kwanza, mama yake baadaye.

“Bibi, nimepata kazi ya ngozi,” alisema. “Tunatumia leza. Ngozi iliyochakaa, yenye mikunjo na madoa, inarudi kuwa mpya.”

Sasa hebu niambie. Ngozi. Leza. Iliyochakaa inakuwa mpya. Leza mimi naijua, ndiyo ile iliyovalishwa makochi ya mwenyekiti wetu wa mtaa, ukiikalia mchana wa jua inang'ang'ania mapaja, ukiinuka inalia kama bata. Nilishangaa mtu kusomea sindano miaka yote ile halafu akaishia kwenye makochi, lakini nikasema ajira siku hizi hazichaguliki, na makochi hayaozi kama nyanya. Nikatangaza. Sokoni nikatangaza, msibani nikatangaza, kwenye foleni ya kliniki ya presha nikatangaza.

Aliyelishika neno zaidi ni jirani yangu. Tunakaanga vitumbua kila asubuhi, jiko lake na jiko langu yametenganishwa na ua wa michongoma tu. Ana kochi la watu watatu lililopasuka hadi sponji inachungulia, na mgeni akifika anaambiwa akae pembeni. Mjukuu wangu alipokuja kwa Sikukuu ya Idi, hata viatu hajavua, jirani akaingia na futi ya fundi cherehani shingoni na kipande cha mfuko wa saruji kilichoandikwa vipimo.

“Karibu fundi!”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nataka kahawia iliyoiva, isiyoonyesha uchafu. Na hapa kwenye mikono uniwekee vifungo.”

“Mikono ya nani, mama?”

“Ya kochi.”

Mtoto akanitazama. Mimi nikatazama paa. Halafu akaelewa, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni na sketi yake ya sikukuu. Alipopata pumzi akajifinya shavu. “Mama, ngozi ninayoifanyia kazi ni hii. Uso wa mtu. Leza ni mwanga, unatoka kwenye mashine. Unatoboa vitundu vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, ngozi ya juu inabanduka, ya chini inajijenga upya. Daktari ndiye anayepiga, mimi ni muuguzi wake.”

Jirani akavua futi shingoni polepole. “Kwa hiyo kochi langu je?”

“Labda lingekuwa na chunusi,” akasema mjukuu wangu.

Tulicheka siku nzima. Jirani alinisimanga kwa kila aliyepita njiani. “Huyu bibi alitaka kunitobolea kochi kwa mwanga!” Na mimi nilicheka, lakini lipo jambo liliniingia kichwani pale na likakataa kutoka. Ili ulielewe, lazima nikueleze habari za mume wangu.

Mume wangu ni Mshambaa wa kule juu, mimi ni Mzigua wa Handeni. Mpaka leo mimi namwita Mshambaa, naye ananiita Mzigua, na watoto wetu hatujui ni nini. Nilimpatia Mombo. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu pale, nauza machungwa kwa abiria wa mabasi, beseni kichwani, nakimbilia madirisha. Yeye alikuwa utingo wa lori la kabichi linaloshuka kutoka Lushoto. Alinunua machungwa leo, akanunua kesho, akanunua wiki nzima, na baadaye sana akakiri kwangu kwamba machungwa yanamletea kiungulia. Alikuwa ananunua uso.

Basi macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Lilianza moja, likafuata la pili, tangu mjukuu yule akiwa sekondari. Kwanza tulidhani ni utani, maana ni mtu wa utani, mpaka siku alipomwitikia mbuzi salamu kwa heshima zote. Ukungu ulizidi mwaka hadi mwaka, mwishowe akawa anaona mwanga na kivuli tu. Kupelekwa hospitali alikataa. Alisema hawezi kumruhusu mtu amtie chuma jichoni. Akawa anakaa barazani kutwa na wageni wake, masikio yamekuwa makali kama ya paka, anasimulia.

Na anachosimulia zaidi ni mimi.

“Ninyi vijana mnaoa nyuso za poda,” huwaambia. “Huyu Mzigua wangu uso wake ni kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Hauna hata kunyanzi moja!”

Na mimi niko pale pale, nimesimama na birika la chai na makunyanzi yangu yote. Miaka ya kukaanga vitumbua, moshi, mafuta, jua la shamba letu la mahindi kule Kerenge. Paji la uso lina matuta, unaweza kupanda viazi. Wageni hunitazama, halafu hutazama chini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia. Mume wangu hakuwa anatania. Ndivyo alivyoniona mara ya mwisho, akaihifadhi picha ile, na kila siku anaitoa na kuifuta vumbi.

Sasa, kabla ya Idi ile, mtoto wetu wa kiume alimbembeleza mpaka akakubali. Madaktari wa macho walikuwa waje hospitali ya Korogwe baada ya miezi miwili, naye akaandikishwa. Alifurahi kama mtoto. “Mzigua, nitakuona tena na mashavu yako!” Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mimi nikaingia jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele.

Wanawake wenzangu wanazeeka polepole mbele ya waume zao. Leo kunyanzi moja, mwakani la pili, mume anazoea, hata haoni. Mimi wangu angefunuliwa yote siku moja, kwa mkupuo, na bandeji ikivuliwa hakuna wa kumwandaa. Usinicheke. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kuzaa.

Ndiyo maana jioni ile ya Idi nilimvuta mjukuu wangu nyuma ya ua wa michongoma.

“Hiyo mashine yako inachukua na wazee?”

“Bibi, unataka nini?”

Nikamweleza. Hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai. “Siyo suala la kunyoosha tu, bibi. Ngozi nyeusi kama yetu leza inaweza kuiachia madoa meusi kama haikupigwa kwa uangalifu. Lazima daktari akuone. Lazima ujaribiwe kidogo kwanza nyuma ya sikio, tusubiri mwezi. Na baada ya hapo hakuna jua, hakuna jiko.”

“Nani atakaanga vitumbua?”

“Yule mwenye kochi.”

Tukamwambia jirani, kwa siri. Akakubali kukaanga vyangu na vyake kwa sharti moja: nimweleze kila kitu nikirudi, hata kama inauma. Mume wangu nilimwambia naenda kumsaidia mjukuu kuhamia chumba kipya. Uongo huo naukiri hapa, Mungu anisamehe.

Safari ya kwanza nilirudi na kidonda nyuma ya sikio, ukubwa wa punje ya mahindi. Mwezi mzima nilikuwa nakichungulia kwa vioo viwili. Kilipona vizuri, bila doa. Nikaenda tena.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, shikamoo yake ya heshima. Alinikalisha kwenye kiti kinacholala, na mwambie jirani yangu kiti chenyewe kilikuwa cha leza, ngozi ya kweli, kahawia iliyoiva. Akanipitishia kidole usoni.

“Mama, hii mistari ya kando ya macho ni ya nini?”

“Ya kucheka.”

“Na hii ya juu ya mdomo?”

“Ya kupuliza kuni.”

“Nitakuambia ukweli, mama yangu. Uso wa msichana sitakurudishia. Nitaweka nguvu ndogo. Mistari midogo itapungua, rangi itatulia, madoa ya jua yatafifia. Ile mikubwa utazikwa nayo.”

Nilimpenda kwa kuniambia hivyo, ingawa nilikunja uso, jambo ambalo nalo halisaidii.

Wakanipaka krimu ya ganzi nikakaa nayo kama mwali. Halafu mjukuu wangu akaniziba macho kwa vifuniko vya chuma, ili mwanga usiingie. Giza. Nikawa nasikia viatu, nasikia mashine inanguruma, nasikia watu wanaongea juu yangu na sijui wamesimama wapi. Nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo Mshambaa anavyokaa, kila siku, na bado ananisifia.

Mashine ikaanza. Tik, tik, tik. Pamoja na ganzi ilikuwa kama mafuta ya vitumbua yanaruka, tone moja moja, mwenye jiko hana haraka. Na harufu! Wewe uliyewahi kubabua kichwa cha mbuzi unaijua.

“Mnanipika,” nikasema.

“Bado kidogo, bibi.”

“Nikiiva mniambie nigeuke.”

Daktari alicheka mpaka akasimamisha mashine.

Nilipotazama kioo uso ulikuwa umevimba, umekuwa mwekundu wa shaba kama sufuria lililosuguliwa na majivu. Lakini kunyanzi? Hamna. Uvimbe ulikuwa umeyajaza yote. Nilikuwa na mashavu! Mjukuu wangu akaharibu: “Bibi, usifurahi, huo ni uvimbe tu. Ukishuka ngozi itaanza kubanduka. Utakaa kwangu wiki mbili, babu akifunguliwa bandeji utakuwa tayari umetulia.”

Siku ya tatu mtoto wetu wa kiume akapiga simu kutoka Korogwe. Madaktari wa macho wamewahi kufika. Baba anafanyiwa jicho moja kesho asubuhi, bandeji inatoka keshokutwa. Na baba amesema hafunguliwi mpaka Mzigua awepo.

Mjukuu wangu aliomba ruhusa, tukapanda basi. Nilijifunika mtandio, nimepakwa mafuta yanayong'aa, macho tu ndiyo yanaonekana. Kondakta akapita anakagua tiketi. “Mambo, dada? Dada mwenye mtandio, sogea dirishani kidogo.”

Dada! Nilisogea haraka. Moyo ulinicheza, kwa mara ya kwanza nikaona kumbe inawezekana. Nilikaa na udada wangu mpaka tumepita Chalinze. Lakini akarudi mara ya pili, “Dada, vipi, unajisikia freshi?”, na hapo kitu kikanipanda. Mambo? Freshi? Mimi? Nimezaa watano, nimezika wazazi, nimekaanga vitumbua ambavyo vikipangwa vinafika Segera na kurudi, na mtoto huyu ananinyima shikamoo?

Nikafunua mtandio. “Wewe, kwenu hakuna bibi?”

Alirudi nyuma hatua mbili. Sijui alishtuka kwa sauti au kwa uso. “Samahani bibi! Shikamoo bibi!”

“Marahaba.”

Mjukuu wangu alikuwa ameuma mtandio wake asicheke. “Sasa bibi, unataka kuwa kijana au unataka shikamoo?”

“Nataka vyote,” nikamjibu, na ndiyo ilikuwa kweli yangu yote.

Siku ya bandeji niliamka nikajitazama, nikatamani basi linirudishe. Uvimbe umeshuka. Makunyanzi makubwa yamerudi kila moja mahali pake, na juu yake ngozi inaachia vipande vipande, kama kiazi kilichochemshwa kikachelewa kuepuliwa. Uso wa zamani niliukosa, na mpya sijaupata. Jirani aliponiona alishika mdomo. “Mungu wangu. Afadhali kochi langu.”

Wodini nilijibanza nyuma ya mjukuu wangu. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, kanzu nyeupe, amenyooka kama bwana harusi. Muuguzi akavua bandeji, akafuta taratibu. Mume wangu akafumba, akafumbua. Akatazama dirishani kwanza. “Milima ile pale,” akasema. “Bado ipo.” Akamtazama mjukuu. “Huyu ni fundi wetu! Umekuwa mkubwa hivi!” Halafu akageuza shingo.

“Mzigua yuko wapi?”

Nikatoka nyuma ya mjukuu wangu. “Nipo hapa.”

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata Mombo. Uso wake ukabadilika, akashusha miguu chini akitaka kusimama.

“Umeungua? Nani kakumwagia mafuta? Mmenificha! Mke wangu ameungua mmenificha!”

“Babu, tulia, usiiname, jicho!” Muuguzi anamshika huku, mjukuu huku, naye anawasukuma, ananinyooshea mkono mimi. Analia. Jicho jipya, kazi ya kwanza anayolipa ni kulia.

Ikabidi niseme, mbele ya wodi nzima, wazee sita na jamaa zao. “Sijaungua. Nilikwenda kupigwa leza. Unawaambia watu sina kunyanzi hata moja, na mimi ninayo mpaka ya akiba. Niliona aibu ukinifungulia macho. Nilitaka unikute vile vile.”

Mzee mmoja kitanda cha pili akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Mume wangu akakaa. Akanivuta nikakaa karibu, akanitazama kwa jicho lile moja, hapa, hapa, hapa, kama anasoma barua. Halafu akaweka mkono kifuani kwa adabu.

“Shikamoo, bibi.”

Wodi ikalipuka. Hata muuguzi. Mimi ikanichoma, sitadanganya, kidogo ilinichoma. Lakini nikajivuta, nikamjibu, “Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umejiona?”

“Mimi nina nini?”

Mjukuu wangu hakuniuliza. Aligeuza kamera ya simu yake, akamsogezea.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nililia juu ya uso wangu miezi miwili, kumbe na yeye ana picha yake ya zamani amehifadhi, ya utingo mwenye nywele nyeusi na meno yote. Aliishika simu mbali, akaisogeza, akaigeuza kuangalia nyuma kama kuna mtu kajificha.

“Mzee huyu ni nani?”

Akajipapasa mashavu yaliyoingia ndani. Akafumbua mdomo, akatazama pengo. Halafu akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya utani tena. “Mzigua. Miaka yote hii ulikuwa unamtazama huyu? Na hukusema?”

“Ningesema nini? Nilikuwa namjua.”

Nje kulikuwa na jua zuri, limeangukia shuka lake. Akarudisha simu, akakohoa, akamwita mjukuu wetu kwa kidole asogee, akanong'ona kwa sauti ambayo wodi nzima ilisikia.

“Fundi. Hiyo mashine inafanya na wanaume?”

Leza hakwenda. Aliposikia harufu ya kichwa cha mbuzi alisema jicho linamtosha. La pili lilifanyiwa baadaye, naye sasa anaona mpaka namba za pikipiki. Uso wangu ulitulia baada ya wiki tatu za kofia na mwavuli na kufukuzwa jikoni. Rangi imelingana, madoa ya jua yamefifia, ile mistari midogo imepungua kweli, na wanaonijua wanasema nimependeza bila kujua ni wapi. Mikubwa ipo. Daktari alisema. Jirani bado anauliza habari za kochi lake.

Juzi walikuja wageni wawili kutoka Handeni, upande wa kwetu. Nikatoa birika. Mume wangu amekaa mahali pake barazani, mchana mweupe, macho yote mawili mazima. Akanigeukia mimi, siyo wao, akanikazia macho usoni kabisa.

“Ninyi vijana mnaoa nyuso za poda,” akasema. “Mtazameni huyu. Uso wake kama kibuyu kilichopakwa mafuta. Hauna hata kunyanzi moja.”

Mwongo mkubwa. Nilimmiminia chai yeye kwanza, kabla ya wageni, na kitumbua nikamwongeza.